Niliingia Bustani ya Wakwe kwa Mlango wa Wageni

Wiki iliyopita niliwadanganya.

Niliwaambia kwamba siku ya mazishi ya bibi yake mke wangu gari liliharibika njiani, ndiyo maana sikufika. Halikuharibika. Nilipita pale Busunzu saa sita mchana nimekaa mbele, kamera mapajani, nikaona maturubai na watu wamejaa, nikamwambia dereva asipunguze mwendo. Nilikuwa nawahi harusi Kibondo mjini. Sasa nimesema, na kama unataka kuacha kunisoma, acha.

Kwa wanaoanza leo, mimi ni Fidele, mpiga picha wa Kasulu. Mke wangu Dorcas aliporudi kutoka msibani tuligombana, nikamwambia mbele ya majirani kwamba kama kwao ni kutamu aende kwao. Akaenda. Wiki saba zikapita. Nikipiga simu anapokea kaka yake, Constantin, ananisikiliza mpaka nimalize halafu anakata.

Kitu kimoja tu kilikuwa kinanipa kiburi, nacho ni jembe.

Sisi Waha tukioa tunapeleka ng'ombe, mbuzi, vitenge, lakini jembe lazima liwepo. Nilipooa mimi, baba yangu alipeleka la kufuliwa na wahunzi, bila mpini, wakwe wakaliweka darini. Likirudishwa kwa mume, ndoa imekwisha. Langu halikuwa limerudishwa. Kwa hiyo nilijiambia Dorcas ni wangu, wanune watakavyo.

Ndipo Jumanne akaja Bi Shadia studio. Ana duka la vitambaa sokoni na kikundi chake cha mafundi cherehani, wanawake kumi na mmoja.

"Fidele mwanangu, Jumamosi tunakwenda kutembea. Kile kijiji cha bustani, kule Busunzu. Nataka picha za maana, si hizi za simu."

Kijiji cha bustani. Kinaitwa Kumgogo, na hiyo bustani kubwa wanayoisifu ni ya baba mkwe wangu, Mzee Bazilio. Constantin alifanya kazi ya kutunza maua hotelini miaka sita, akarudi akapanda maua mlima mzima wa baba yake. Majirani wakaiga. Siku hizi watu wanatoka Kasulu na Kibondo kwenda kutazama maua kama vile hawajawahi kuona jani.

"Bi Shadia, unajua pale ni kwa nani?"

"Najua pana maua. Unakuja huji?"

Nilikubali, na hapa nikiri ujinga wangu. Mkwe aliyemfukuza mke haingii kwa wakwe hivi hivi. Anatanguliza washenga na pombe, anakaa nje, anasemwa mpaka masikio yanawaka moto, ndipo anaruhusiwa kumwona mkewe. Mimi sikutaka kusemwa na mtu. Nikaona njia ya mkato. Nitaingia na kamera yangu kama mgeni, nimnong'oneze Dorcas maneno mawili, jioni nirudi naye kwenye basi la Kosta walilokodi. Nilijiona mjanja kweli.

Tulifika saa nne asubuhi. Constantin alikuwa amesimama langoni na kofia ya ukili na spika ya mkononi, anasalimia wageni mmoja mmoja. Aliponifikia alininyooshea mkono vilevile alivyowanyooshea wengine.

"Karibu, mpiga picha."

"Shemeji, mimi ndiyo wa kuitwa mpiga picha?"

"Umebeba kamera. Nikuite daktari?"

Nikapita langoni. Wanawake walikuwa wameshaanza kupiga kelele za furaha huko mbele.

Nitawaambia ukweli, bustani ni nzuri, na uzuri wake uliniudhi. Matuta yanashuka mpaka mtoni, kila tuta na rangi yake, waridi, bogenvilia, maua ya njano ambayo hata jina silijui. Katikati migomba imesafishwa majani makavu, mibuni imepangwa mstari. Nyumba za tofali za kuchoma zote zimezungushiwa ua wa maua. Niliupanda mlima huu siku ya kuja kuposa, wakati huo ni mihogo tupu. Nikajiuliza, hawa watu huzuni yao imekwenda wapi? Mtoto wao amefukuzwa, mama yao amezikwa, wao wanapalilia waridi.

Nilipiga picha kwa hasira. Bi Shadia akaniuliza mbona nabonyeza kamera kama nagonga misumari.

Kisha nikamwona Dorcas.

Alikuwa anagawa chai ya tangawizi na asali, kitenge cha bluu, nywele amesuka upya. Amenenepa kidogo. Anacheka na wale wanawake. Nilitegemea kukuta mtu aliyekonda kwa mawazo, nakuta mtu amenawiri. Hilo nalo likaniudhi.

Akanifikia na trei. "Karibu chai, kaka."

"Kaka?"

"Wageni wote wa kiume nawaita kaka."

Nikamfuata mpaka kwenye mizinga ya nyuki, huko ambako wageni wanaogopa kusogea.

"Dorcas, tuongee."

"Ongea. Chai ya watu inapoa."

"Rudi nyumbani."

"Umekuja na nani?"

"Na Bi Shadia na wenzake."

"Nauliza washenga, Fidele."

Akaweka trei juu ya mzinga mtupu, akakunja mikono.

"Kwetu wakwe waliooa hapa ndio wanachimba kaburi la bibi. Unajua hilo?"

"Najua."

"Siku ile wakwe wote walikuwa wamefika, kila mtu na jembe lake. Baba akawaambia wasianze, tumsubiri wa Kasulu, kwa sababu bibi alikupenda. Tulisubiri. Mimi nikaenda kusimama barabarani. Unajua niliona nini?"

Nyuki walikuwa wanapita karibu na uso wangu na sikuwafukuza.

"Niliona gari limefungwa maua ya harusi, na wewe umo ndani. Ulinitazama, Fidele. Halafu ukageuza uso upande wa pili."

"Sikukuona," nilisema, na huo ulikuwa uongo mwingine. Nilimwona. Alikuwa amejifunga kanga kichwani, miguu peku.

"Nikarudi Kasulu, sikusema kitu. Nikangoja useme mwenyewe. Ukaniambia gari liliharibika. Nikakuuliza mara ya pili, ukanieleza mpaka mahali tairi lilipopata pancha. Nikakuuliza mara ya tatu, ukanifukuza."

Ningekuwa mwanaume mwenye akili ningepiga magoti palepale. Badala yake nikasema, "Kwa hiyo mnataka nini? Mbuzi?"

Akasema polepole, kama anamfundisha mtoto njia ya dukani.

"Sitaki mbuzi. Baba ameshajua upo. Atakuja kukuuliza wewe ni nani. Mjibu. Sema mbele ya watu kwamba wewe ni mkwe wake na ulikosa. Basi. Ukisema hivyo, naondoka na wewe leo leo."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

Akabeba trei yake. Nami nikarudi bustanini mwepesi, nikapiga picha nzuri sasa, zenye mwanga. Niliyarudia maneno moyoni. Mimi ni mkwe wako, baba, nilikosa. Maneno machache kiasi hicho, mtu yeyote angeyaweza.

Saa saba Constantin akatukusanya kwenye tuta la chini. Akashika spika.

"Akina mama, utaratibu wetu hapa Kumgogo, kila kundi linaacha mti mmoja. Leo ni parachichi. Na kabla hatujapanda, niwapongeze kwa mpiga picha mliyekuja naye. Ni hodari sana huyu. Yeye akiwa kazini, hata msiba haumsimamishi."

Wale wanawake wakacheka. Hawakujua wanacheka nini, walidhani ni sifa. Mimi nilijua, na masikio yakaanza kuniwaka. Kule nyuma nilimwona Dorcas amesimama na trei, akitikisa kichwa kumkanya kaka yake.

Mzee Bazilio akatokea kwenye migomba na wazee wenzake wanne. Nikainama, nikapiga makofi ya salamu kama tunavyofundishwa.

"Mwakeye, mzee."

Siku zote nilikuwa namwita baba. Alilisikia hilo. Akaitikia makofi yangu, akanitazama kuanzia viatu.

"Mwakeye. Wewe umekuja hapa kama nani?"

Maneno yalikuwa yameshafika kwenye ulimi. Naapa yalikuwa pale. Lakini Constantin akanisogezea spika mdomoni, karibu kabisa na meno, anatabasamu, ili nikiri na mlima wote usikie. Bi Shadia na wenzake wakainua simu kunirekodi, wakidhani ni sehemu ya burudani. Nikawaza Jumatatu sokoni, kila fundi cherehani ana video yangu nalia kwa wakwe.

Nikawa mbogo.

"Nimekuja kazini," nikasema. "Mimi ni mgeni kama hawa."

Sauti yangu ikatoka kwenye spika, ikaenda mpaka ng'ambo ya mto.

Mzee hakukasirika. Akauliza taratibu, "Hapa kwangu huna mtu?"

"Sina mtu."

Kwa nini nilisema hilo la pili? La kwanza ningeweza kulirekebisha. Nimelala na swali hilo tangu siku ile na sijapata jibu, isipokuwa kwamba hasira ikishaanza kusema kwa kinywa changu huwa haijui pa kunyamaza.

Dorcas hakudondosha trei. Aliinama, akaiweka kwenye nyasi, akaondoka kuelekea nyumbani kwao bila haraka.

"Ego," Mzee akakubali kwa Kiha. "Basi mgeni atupandie mti."

Mmoja wa wazee akanipa jembe. Lilikuwa na mpini mpya, mweupe, umetoka kuchongwa. Bi Shadia akanipokonya kamera.

"Na wewe leo upigwe, mwanangu. Kila siku unapiga wenzio."

Nililima. Mche wa parachichi unataka shimo la kufika magotini, mimi nilichimba kama nachimba choo. Kila nikiinua jembe namwona Constantin. Kila nikilishusha namwona Constantin. Wanawake wakapiga vigelegele, Bi Shadia akazunguka ananipiga picha, jasho linanitiririka mpaka machoni. Sikugundua kwamba wenyeji wote wamenyamaza.

"Inatosha," Mzee akasema.

Nikasimama ndani ya shimo langu.

"Lipanguse jembe."

Nikalipangusa kwa kiganja. Udongo ukatoka, nikaona vitobo vitatu pembeni, vimepigwa na mhunzi. Baba yangu aliviomba vipigwe ili jembe letu lisichanganywe na la mtu mwingine.

Nikavihesabu tena kwa kidole.

"Hili si lilikuwa darini?"

"Lilikuwa darini miaka mitano, halijaguswa na udongo," Mzee akasema. "Jembe la mahari halilimi. Mwenye kulileta akilitia yeye mwenyewe kwenye ardhi ya mkwe wake, mbele ya watu, amelichukua. Ni lake. Aende nalo."

"Hamkuniambia."

"Mkwe anaambiwa. Mgeni haambiwi."

"Mmenitega."

"Sikukutega, Fidele." Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kutaja jina langu. "Jana nilitengeneza vitu viwili. Nyumbani kuna kibuyu cha pombe ya kumpokea mkwe, hapa nje kuna jembe. Nikasema atachagua mwenyewe. Mama yangu nilimweka juu ya ardhi mpaka saa kumi nikikungoja uje kuchimba. Hukuja. Leo umechimba."

Niliruka nje ya shimo. Nilimtukana Constantin, nikatukana maua yake, nikamwambia maua hayaliwi. Nikalitupa jembe kwenye waridi. Mzee mmoja akaenda akaliokota, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa heshima zote, nami nikajikuta nimelipokea. Niliyafanya hayo mbele ya wanawake kumi na wawili wa Kasulu, na simu zao zilikuwa bado juu.

Bi Shadia ndiye aliyenivuta pembeni, karibu na Kosta. Uso wake ulikuwa umebadilika.

"Umefanya nini, mwanangu?"

"Uliza watu wako wa maua. Wewe ndiye uliyenileta huku."

"Mimi?" Akashika kiuno. "Mimi maua yanihusu nini? Safari hii aliitaka mkeo."

"Mke wangu yupi?"

"Una wangapi? Dorcas alinipigia mwezi uliopita. Akaniambia, Bi Shadia, yule kwa miguu yake haji, anaona haya, na hayo haya yake anayafunika kwa hasira. Mlete kwa kazi. Akifika baba atamuuliza swali moja tu, nami nitamwambia mapema cha kujibu. Nikasema huyo binti ana subira ambayo mimi sina. Nikawachangisha wenzangu, tukaja. Na chai akatunywesha, na asali akatupa."

Nilitafuta mtu wa kumkasirikia, nikakosa. Nikamkasirikia Bi Shadia kwa kutoniambia, nikamkasirikia Dorcas kwa kunijua kiasi hicho.

Dereva wa Kosta akatoa kichwa dirishani. "Jamani, hili begi kubwa la kijani ni la nani? Limewekwa kiti cha nyuma tangu tulipofika. Nilijua mmekuja nalo."

Begi la kijani nilimnunulia mimi, mwaka tuliooana.

Alikuwa amelifunga usiku, akalipakia asubuhi tulipokuwa langoni tunasalimiana. Kabla hajaniona, kabla hajaniuliza kitu, alikuwa ameshapakia. Nilikaa chini kwenye vumbi, jembe mapajani. Wewe unayesoma unaweza kucheka. Mimi nililia, na niliona hasira hata kwa machozi yenyewe.

Mzee Bazilio alikuwa amefika. "Lishusheni begi la binti yangu. Hana mume wa kumfuata."

Constantin akaanza kupanda ngazi za gari.

"Liache," akasema Dorcas.

Alikuwa ametoka nyumbani, amevaa viatu vya safari na mkoba begani. Hakulia. Nimeishi naye miaka mitano, najua uso wake wa kulia, na huo haukuwa.

"Mwanangu," Mzee akasema, "umesikia alivyosema. Sina mtu. Jembe amelichukua."

"Nimesikia, baba. Wewe ulimuuliza, yeye akakujibu. Mmemalizana. Mimi bado hamjaniuliza."

"Tukuulize nini? Mila iko wazi."

"Basi mila imemalizana na jembe." Akamgeukia Bi Shadia. "Mama, nafasi yangu bado ipo?"

"Ipo, binti yangu. Panda."

Akapita mbele yangu karibu kiasi kwamba kitenge chake kiligusa goti langu. Hakunitazama. Alikwenda kukaa kiti cha mbele, kile nilichokuja nimekaa mimi. Wanawake wakamfuata, hakuna hata mmoja aliyekuwa na simu mkononi sasa.

Nikasimama niingie na mimi. Dorcas akamwambia dereva, "Funga mlango."

"Na huyu?"

"Huyu alisema yuko kazini. Hajamaliza kupanda mti."

Mlango ukafungwa. Nikagonga kioo cha upande wake kwa kiganja chenye udongo. "Dorcas. Unakwenda wapi?"

Akateremsha kioo kidogo. "Kasulu."

"Kasulu kwa nani?"

Akafungua mkoba, akatoa ufunguo, akanionyesha. Ulikuwa wa mlango wetu. Kisha akapandisha kioo, dereva akaondoa gari, na mimi nikabaki barabarani na jembe langu begani, nikilitazama Kosta linavyoshuka kuelekea lami. Sikujua kama mke wangu anakwenda kuniwekea chakula au kuhamisha vitu vyake.